Maneno Matano Niliyomfundisha Yohana

Mama Neema alinishika mkono nje ya kanisa, baridi inatukata masikio, akaniambia mwanawe amegongwa kichwa kwenye hoki na sasa anashinda kitandani mchana kutwa hataki hata pazia lifunguliwe. Akaniuliza sisi tulifanyaje. Nikamwambia mawili matatu tukiwa tumesimama kwenye theluji, kisha gari la wenzake likaja wakamchukua. Njia nzima nilijiona mwongo, kwa sababu nilimwambia yale mazuri tu. Kwa hiyo nimekaa chini kuandika. Nimesoma mpaka darasa la nne Korogwe, anayetaka maneno ya kidaktari akawatafute madaktari. Mimi nitaeleza tulivyoishi na ugonjwa wa kichwa wa mjukuu wangu, na nilichofanya mimi, maana ukikitoa hicho habari yote inakuwa bure.

Mjukuu wangu anaitwa Ioane. Ni jina la upande wa baba yake, ndiyo Yohana huyo huyo wa kwetu, na mimi namwita Yohana, au mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume. Baba yake, Tavita, ni Msamoa. Watu wakiniuliza Samoa ni wapi nawaambia ni visiwa, ukitaka kwenda huko utachoka kuliko kwenda Korogwe, na wanaume wake wanaingia mlangoni kwa ubavu. Binti yangu Zawadi alikutana naye hapa hapa Toronto, wakaoana, wakanijulisha kwa simu baadaye.

Nilikuja mwaka 2003, Yohana ana miaka kumi, ili nimlee. Zawadi alikuwa kwenye zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, Tavita anaendesha lori. Nilipofunguliwa mlango, ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park, nikamkuta mkwe wangu sebuleni kavaa kaptula. Nikageuka, nikarudi kwenye korido na mabegi yangu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai wakatazamana, hawali meza moja, hawaongei mambo marefu. Sasa niambieni, heshima hiyo mtaiwekaje katika nyumba ya vyumba viwili? Tuliiweka. Akiingia jikoni mimi natoka. Akitaka chumvi anamwambia Yohana amwambie Bibi. Alijua maneno mawili ya Kiswahili, asante na shikamoo, na yote mawili aliyasema akiangalia ukuta. Alinielewa kuliko watu wengi wa kwetu, kwa sababu kwao nao heshima si mchezo.

Alimfundisha Yohana raga kwenye majani nyuma ya maghorofa, karibu na bonde. Si raga wanayocheza shuleni hapa. Hii ni ile ya watu kumi na watatu, ambayo Kanada ni wachache wanaoijua. Hawavai kofia. Mmoja anakumbatia mpira kifuani, anawakimbilia watatu waliosimama wanamngoja, wanamtupa chini, anainuka, anausogeza mpira nyuma kwa mguu, na mwenzake anauchukua aende akagongwe yeye. Mara ya kwanza kuona nilidhani wamegombana. Yohana alikuwa na kazi ya wale wanaotumwa mbele kuvunja ukuta. Shingo yake ilikuwa pana kuliko kichwa. Nilimlisha mimi ugali na maharage na mkia wa ng'ombe, na nasema hivyo kwa majivuno, sijivuni kwa mengi.

Alipofika miaka kumi na tisa, mtu aliyecheza na Tavita ujanani alimwita akajaribiwe kwenye timu moja kaskazini mwa Uingereza. Akaenda na begi moja. Mwaka wa kwanza aliwabebea wenzake chupa za maji. Mwaka wa pili akaingia, na mgongoni kwake kulikuwa na jina la ukoo wa Tavita. Tulimwangalia kwenye kompyuta. Mechi zao nyingi zilikuwa Jumapili mchana wa kule, na hapa inakuwa saa ya ibada. Mungu anisamehe, niliumwa Jumapili nyingi sana. Tavita alikaa sebuleni kwenye kochi, mimi niliweka kiti nyuma ya mlango wa jikoni, mlango nusu wazi, kioo tunakiona wote na sisi hatuonani. Jina lile likipita yeye anasogea mbele anagusa kioo kwa kidole. Mimi nyuma ya mlango nalia.

Mwisho wa msimu wa tatu, mwezi wa tisa, Yohana aligongana na mtu kichwa kwa kichwa. Akainuka upesi, akajipangusa, akatembea moja kwa moja akaenda kujipanga upande wa wapinzani. Alisimama pale kama mtu wao, mpaka mmoja wao akamgeuza kwa mabega akamsukuma kwake. Tavita alicheka sana. Na mimi nyuma ya mlango nilicheka. Zawadi alikuwa kazini, hakuona.

Akaja likizo mwezi wa kumi, majani ya bondeni yamegeuka mekundu. Tulilala chumba kimoja, kitanda chake na changu vinatazamana, hana cha kunificha. Niliona anavaa kofia ndani ya nyumba na kuishusha mpaka kwenye nyusi. Niliona ananiuliza jambo, namjibu, kabla hajamaliza chai ananiuliza tena. Siku moja kwenye basi la Don Mills alishuka kituo kisicho chetu akatapika kwenye theluji ya kwanza ya mwaka. Nikamwambia, mume wangu, una mimba? Hakucheka. Akaniambia yote hapo hapo kituoni. Kichwa kinavuma tangu ile mechi. Timu aliidanganya kwamba ni bega. Na kila mwanzo wa msimu daktari wa timu anawapima vichwa wachezaji wote. Anakusomea maneno matano, unayarudia, anakuongelesha mengine, kisha anakuuliza tena yale matano. Asiyeweza hachezi. Na mwaka ule kulikuwa na timu kubwa ya Australia inamtazama.

Akaniambia kwa Kiingereza chake, kwa sababu Kiswahili anakisikia lakini ulimi wake hautaki, "Bibi, usimwambie Mama."

Kisha akatoa simu akanionyesha orodha. Wachezaji wanapeana wao kwa wao. Daktari ana orodha chache tu anazozungusha, na wao wanazo zote.

Mimi nilisikia neno moja tu katika hayo yote: mtihani. Yohana alipokuwa mdogo mama yake yuko zamu, ni mimi niliyemkalisha mezani na mwiko mkononi nikamtoa jasho kwa jedwali la kuzidisha ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalijua mpaka la sita. Hakuwahi kufeli. Kwa hiyo nilifanya nilichokijua. Zawadi akitoka kwenda kazini, Tavita akiwa barabarani, namweka Yohana mezani. Mimi nachambua mchele, daftari pembeni. Nasoma Kiingereza kile kwa kukikwaruza, yeye anarudia. Nimeyaweka kwa lugha yetu hapa, orodha ya kwanza ilikuwa kijiko, ngazi, blanketi, limau, tembo. Namsomea, namuuliza habari za timu, namuuliza leo tarehe ngapi, kisha namwambia, haya, lete yale maneno.

Siku ya kwanza alileta mawili. Nikaandika mbili kwenye daftari. Siku ya pili mawili. Siku ya tatu alileta moja, akaweka kichwa mezani juu ya mchele.

Hapo ndipo pa kusimama. Mama Neema, hapo ndipo. Mtoto aliyekuwa anashika namba za simu za jengo zima, analeta neno moja. Nilikiona kwa macho yangu, nimekiandika kwa mkono wangu. Lakini mimi nilisema, huyu anahitaji njia nyingine ya kukariri. Nikamtungia kisa: tembo amepanda ngazi, amejifunika blanketi, anakula limau kwa kijiko. Alicheka mpaka akashika kichwa kwa maumivu. Baada ya wiki tatu analeta matano, kila orodha, hata nikimwamsha kwenye kochi. Akaondoka. Siku ya kupimwa akanipigia simu: tano kwa tano, Bibi. Nilicheza jikoni peke yangu. Mimi wa darasa la nne nimemfaulisha mtu kwa daktari Mwingereza. Ndivyo nilivyojisifu, na sitalifuta hapa.

Mwezi wa tatu alianguka. Na halikuwa pigo la kutisha, begani tu, la kila siku. Alikwenda chini hakujikinga kwa mikono. Tavita alisimama mbele ya kompyuta akanizibia, nikabaki naangalia mgongo wake. Hakugeuka. Tukasikiliza wazungu wale wanaotangaza mechi wakinyamaza.

Timu ilimtibu wiki chache, ikamtumia kikapu cha matunda, ikampa mwingine nafasi yake, kisha ikamrudisha nyumbani kupumzika. Alikuja mwezi wa nne kwenye kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege, kavaa miwani ya jua na pamba masikioni. Zawadi alimpita, hakumjua.

Nawaambia wenye wagonjwa kama huyu: ugonjwa huu hauna bandeji. Watu watakuja watamwona mzima, watasema mbona yuko sawa. Wakaribisheni uji, wasikae sana. Yohana hakuvumilia mwanga. Nilitundika kanga mbili dirishani juu ya pazia. Hakuvumilia kelele. Kitunguu kikilia kwenye mafuta anashika masikio, kwa hiyo nilipika vya kuchemsha miezi minane, na sahani niliziwekea kitambaa chini. Lifti ikisimama kwa kishindo anatapika. Alilala kama mtoto mchanga, akiamka analia hajui kwa nini, na akimaliza kulia anakasirika. Siku moja alivunja mlango wa kabati kwa ngumi kwa sababu nilimuuliza kama anataka chai. Baadaye akaniuliza nani kavunja mlango.

Mwili ulimtoka. Mwaka wake wa kwanza wa kucheza alikwenda kwa ndugu za baba yake akachanjwa ule mchoro wa ngozini wa kwao, kuanzia kiunoni mpaka magotini, siku nyingi za maumivu, hapewi kila mtu. Mapaja yaliponyauka mchoro ulikunjamana kama nguo aliyoazimwa. Tavita alipokuwa anamsaidia kuoga alitoka bafuni akaenda kusimama barazani kwenye baridi bila koti. Sikumfuata. Ni mkwe wangu.

Kliniki ilikuwa kila Alhamisi, mabasi mawili, nami ndiye niliyempeleka kwa sababu wenzangu wanafanya kazi. Chumba cha kungojea kilikuwa na zile taa ndefu za dari zinazotetemeka. Watu wasio wagonjwa wanaziona kawaida. Yeye zilimchoma kama sindano. Alhamisi ya kwanza alijikunja kwenye kiti, mwanamume mzima, nikamfunika kanga kichwani mpaka kiunoni. Mama mmoja akamhamisha mtoto wake. Nikamwangalia yule mama mpaka akaangalia chini. Kulikuwa na dada wa mapokezi, Msomali. Aliondoka mezani kwake akaenda ukutani akazima taa za upande wetu. Kila Alhamisi baada ya hapo, akituona tunatoka kwenye lifti anaenda ukutani. Jina lake silijui. Kwenye sala zangu namwita yule wa taa.

Majira ya joto walimpa mazoezi ya macho. Uzi mrefu una shanga tatu, ncha moja nashika mimi, ncha nyingine anaiweka puani, anaangalia ushanga wa mbali, wa kati, wa karibu. Dakika mbili na jasho linamtoka kuliko kiwanjani. Majani yalipoanguka alianza kutembea bondeni, mpaka taa ya kwanza ya njiani, kisha ya pili. Theluji ilipokuja alivua miwani ndani ya nyumba. Nikakaanga kitunguu kimoja, polepole, mlango umefungwa. Akaja mwenyewe jikoni, akasema kinanukia.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Siku ile ya kwanza kliniki, Zawadi aliomba ruhusa kazini akaja nasi. Daktari, mama mmoja mpole mwenye nywele nyeupe, aliuliza kama Yohana alishawahi kugongwa kichwa kabla ya hapo. Yohana akasema hapana. Hakudanganya. Mwezi ule wa tisa, na likizo yote ya mwezi wa kumi, vilikuwa vimemtoka kichwani kama havikuwahi kuwepo. Zawadi akasema hapana, na vipimo vyake vya mwanzo wa msimu vilikuwa safi, tano kwa tano. Daktari akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika koti lake. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nikajiambia kwamba sijaulizwa.

Niliendelea kujiambia hivyo miezi kumi. Zawadi alikuwa anaandika barua kwa timu, ndefu, kuwalaumu. Kila Jumapili anaongeza ukurasa. Nasikia anaisoma kwa sauti na mimi nakunja nguo.

Mwezi wa pili, Yohana anakimbia bondeni, shingo imeanza kurudi, timu ikapiga simu. Kama daktari wake wa Toronto ataandika kwamba amepona, wanamtaka tena. Nyumba ikabadilika. Tavita alipiga mluzi bafuni. Yohana akatoa jezi ile yenye jina akaitundika mlangoni. Daktari alituita akaeleza polepole, Zawadi akanitafsiria nisikose neno. Kama pigo lilikuwa moja tu, na ubongo umepumzika mwaka mzima, anaweza kumwachia arudi kidogo kidogo. Kama yalikuwa mawili, na la pili lilikuja la kwanza halijapona, basi haandiki, na mtu wa namna hiyo akigongwa tena anaweza asiamke. Akamtazama Yohana. "Una uhakika lilikuwa moja?" Yohana akasema ana uhakika. Karatasi ingeandikwa Alhamisi inayofuata.

Siku nne sikula. Nikisema, namwondolea mume wangu kazi yake na jina la baba yake mgongoni, na binti yangu ananijua mimi ni nani. Nisiposema, namzika. Ukiandika hivi inaonekana rahisi kuchagua. Haikuwa rahisi hata kidogo, na anayesema ingekuwa rahisi kwake sitaki kumjua.

Niseme jambo la Wasamoa. Yohana akiwa na miaka kumi na nne alimvunja pua mtoto wa jirani. Tavita akamkalisha akamweleza jinsi kwao wanavyofanya mtu akitenda ubaya mkubwa. Mkubwa wa ukoo uliokosa anakwenda mapema kwenye nyumba ya waliokosewa, anakaa chini mlangoni, anajifunika mkeka kichwani. Haongei. Wenye nyumba wakitaka wanaweza kumpiga, wanaweza kumwacha juani siku nzima. Wakimsamehe, mtu anatoka ndani anaufunua mkeka. Nilisikia yote nikiwa jikoni.

Tavita alikuwa na mkeka wa kwao, laini kama kitambaa, umefungwa plastiki juu ya kabati. Huo sikuugusa, si wangu. Nilichukua mkeka wangu wa ukindu niliotoka nao Korogwe. Jumanne asubuhi, Zawadi yuko kazini, Yohana bondeni, nikatoka nje ya mlango wetu, nikakaa kwenye sakafu ya korido, nikajifunika. Nilimngoja mkwe wangu arudi na lori.

Magoti yangu hayakunishukuru. Jirani yetu mama wa Kiafghani akafungua mlango, akainama akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia kutoka chini ya mkeka kwamba sijaanguka. Akaenda akarudi na mto akausukuma chini ya makalio yangu, kisha glasi ya chai akaiweka karibu na mguu wangu. Chai ilipoa.

Lifti ikafunguka, nikasikia viatu vyake. Vikasimama. Miaka kumi na mitatu hatukuwahi kuwa karibu hivyo.

"Mama," akasema. "Umemkosea nani?"

"Ioane," nikasema. Nilimtaja kwa jina la kwao. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu, kofia, kutapika, orodha, neno moja, tembo kwenye ngazi. Sikuacha kitu. Alipoona nimemaliza alinipita, akafungua mlango, akaingia, akaufunga.

Nilibaki pale. Nilisikia watu wakipita, mmoja akaniruka. Sijui ni saa ngapi zilipita, najua tu miguu ilikufa ganzi nikawaza nitafia hapa, na kwamba ingekuwa haki. Kisha mlango ukafunguka, na mwanga ukaingia. Alikuwa ameshika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili kama anabeba mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuangalia ukuta. Aliniangalia mimi.

"Na mimi niliona alipokwenda kusimama upande wa wapinzani," akasema. "Nilicheza miaka kumi na miwili, Mama. Nilijua maana yake. Nikacheka."

Akakaa chini kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani, bega lake karibu na langu. Mkwe na mama mkwe. Tukanywa ile chai ya baridi, glasi moja.

Zawadi tulimwambia jioni, wote wawili tukiwa tumesimama. Sikujifunika mkeka kwake. Yule ni damu yangu, angeniona najificha. Alisikiliza na koti lake la kazini mwilini. Alichukua kurasa zote za barua yake akazipanga zikalingana, akaziweka kwenye droo. Kisha akaniuliza jambo moja, kama lile daftari bado lipo. Nikampa. Akaona mbili, mbili, moja. Mwandiko wangu.

Kwa Yohana nilikwenda mwenyewe, tuko kwenye vitanda vyetu mchana, tunatazamana. Nilimweleza. Hakukumbuka. Nilimtajia tembo, ngazi, limau. Alitabasamu kwa adabu kama mtu anayesikia hadithi ya watu wengine.

"Nilifaulu?" akaniuliza.

"Ulifaulu."

"Tano kwa tano?"

"Tano kwa tano."

"Basi nilikuwa mzima, Bibi." Uso wake ulifunguka. "Mwambie daktari. Nilifaulu."

"Hukufaulu, mume wangu," nikamwambia. "Nilikukaririsha. Wewe ulileta moja."

Aligeukia ukutani. Alhamisi alimwambia daktari mwenyewe, sentensi mbili, na karatasi haikuandikwa. Dada wa mapokezi alikuwa ameshazima taa, ingawa Yohana hakuhitaji tena. Kwenye basi tulikaa viti tofauti. Jezi ilikaa mlangoni mpaka theluji ikayeyuka, kisha siku moja haikuwepo, na sikuuliza iko wapi.

Imepita miaka. Yohana anafanya kazi Markham kwenye mabanda ya vioo ya kuoteshea maua. Ni kimya mle, anasema, na maua hayana haraka. Tavita anampeleka kwa gari kwa sababu basi refu bado linamtapisha. Ana siku nzuri na siku za kanga dirishani. Raga akiiona kwenye televisheni anabadilisha, si kwa hasira. Tavita sasa anakula meza moja na mimi, anajichotea chumvi mwenyewe. Zawadi ananipa kila ninachohitaji, dawa za presha, viatu vya baridi. Ila tangu jioni ile haniiti Mama. Ananiita Bibi, kama mtoto wake anavyoniita. Mgeni hawezi kugundua. Mimi nahesabu kila mara.

Mama Neema, haya ndiyo niliyoshindwa kukwambia kwenye theluji. Funika dirisha. Pika vya kuchemsha. Mtafute yule wa taa, kila hospitali yuko mmoja. Na kijana wako akikwambia usimwambie mtu, mwambie mtu siku hiyo hiyo, kabla hujampenda kiasi cha kumsaidia.

Kila Jumapili baada ya ibada Yohana mwenyewe anakaa mezani ananiambia nimsomee maneno. Siku hizi nayatoa jikoni, mapya kila wiki, na visa situngi. Jumapili hii yalikuwa ufagio, karafuu, kioo, sufuria, uzi. Nikamuuliza habari za maua, nikamuuliza tarehe, kisha nikasema, haya, lete. Akaleta karafuu. Akaleta uzi. Akakaa sana, akaleta kioo. Tavita alikuwa anaosha vyombo, akafunga bomba asimsumbue. Yohana akaona nimeshika kalamu, akaniomba nimpe nne, kwa sababu la nne lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, angelipata tu.

"Tatu, mume wangu," nikamwambia.

Nikaandika tatu.